Koti la Mtoto wa Wifi

Mtoto wa wifi yangu amekufa mara nyingi kuliko binadamu yeyote ninayemjua. Mara ya kwanza alifia vitani, mbali, sisi nyumbani hatujui a wala be. Mara zote zilizofuata alifia mbele ya ubao, kati ya madawati, darasa zima likimpigia makofi.

Afadhali nianze na sanduku, msije mkadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Makumbusho ya mji wetu yalikuwa na sanduku la bati, la kijani, lenye vishikio viwili na harufu ya panya. Ndani mlikuwa na vitu vya vita vile: kofia ya chuma, chupa ya maji ya askari, buti moja la mguu wa kushoto, redio bubu, ganda la kombora lenye ukubwa wa chupa ya chai, na koti la jeshi. Sanduku lilipakiwa kwenye gari, likapelekwa shule moja hadi nyingine, watoto wakajifunza historia kwa mikono yao. Mwenye kazi hiyo alikuwa kijana wa idara ya elimu, shingo ndefu, suruali fupi. Kila akifungua kifuniko alipaza sauti: "Guseni, guseni! Historia haiumi!" Kufika shule ya pili watoto walikuwa wameshambatiza Gusa-Gusa, na jina lilimkaa kuliko lile alilopewa na mama yake.

Na mimi? Mimi kazi yangu ilikuwa kuwa mzee. Makumbusho walitaka mtu aliyeviona vita kwa macho, akae kwenye kiti mbele ya watoto, asimulie. Vita vile mimi niliviona nikiwa chini ya kitanda, na ukiwa chini ya kitanda huoni kitu ila miguu. Lakini nikikaa kwenye kile kiti, watoto wamenitolea macho kama mayai, miguu ile ilikuwa inaota vichwa, inaota bunduki, inapiga kelele. Watoto walinipenda. Waliniita Bibi Vita.

Kusema kweli hawakuanza na mimi. Walianza na wifi, kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa mtoto. Walimpeleka shule moja, wakamkalisha, wakamwambia, "Haya mama, tusimulie." Akafungua mdomo, akalia. Akalia mpaka kengele ikagonga. Mtoto mmoja wa mbele akanyoosha kidole akauliza kama baada ya hapo kuna sehemu nyingine. Gusa-Gusa akamrudisha wifi nyumbani kwa adabu zote, akasema anahitaji kupumzika. Wakanichukua mimi, ambaye hulia nikiombwa.

Wifi huyu ni dada wa marehemu mume wangu. Tangu niolewe hajaniita kwa jina. Ananiita Mwizi, kwa kuwa nilimwibia kaka yake. Mimi namwita Mheshimiwa, kwa kuwa kila akija kula kwangu hajawahi kugusa sahani chafu. Waume zetu walipotangulia tukajikuta wawili katika nyumba moja, vyumba vinatazamana, na kila mmoja anajua mwenzake anakoroma kwa sauti gani. Ulimi wake una makali. Mimi sikujaliwa mtoto, na yeye hakuwahi kuniacha nisahau.

"Mwizi, tumbo lako ghala tupu," alikuwa akiniambia tukichambua mboga. "Panya wenyewe wamehama."

"Ghala tupu haliibiwi, Mheshimiwa," nilikuwa namjibu. Na hapo nilijua ninapochoma, maana lake liliibiwa.

Mwanawe alichukuliwa hajaota hata ndevu. Jeshi lilimpa koti lililokwisha kuvaliwa na mwingine, limechanika chini ya kwapa la kushoto. Usiku ule wa kuamkia safari wifi alikata kipande cha gauni lake la maua akamshonea kiraka. Wifi hajui kushona. Mishono ilikuwa mikubwa, imeachana kama meno ya kizee. Kijana akacheka, akasema adui akiona kiraka kile atakufa kwa kicheko kabla ya risasi. Akaenda. Koti likarudi. Mwenziwe mmoja alilileta ndani ya gunia, lina tundu ubavuni na doa jeusi linaloanzia hapo mpaka chini. Mwili ulibaki huko huko.

Wifi hakulifua. Miaka yote hakulifua. Alilifunga kwenye mfuko wa nailoni, na siku akizidiwa alifungua kidogo, akaingiza pua kwenye kola, akavuta, akafunga upesi kama mtu anayeiba sukari. Alisema ananusa kichwa cha mwanawe. Mimi niliwahi kunusa. Ilikuwa harufu ya jasho la zamani na moshi. Lakini mimi pua yangu haikuzaa.

Mchwa walipoanza kula kabati lake, watu wa makumbusho wakaja wakamwahidi mambo. Koti litawekwa kwenye kabati la kioo, chini ya taa, na kadi yenye jina la mwanao, mama. Akatoa. Na kweli, siku ya kufungua chumba cha vita alimkuta mwanawe amesimama ndani ya kioo, amenyooka, mabega mapana, taa imempiga. Tangu siku hiyo wifi akawa mtu wa kwenda makumbusho kama wengine wanavyokwenda kliniki. Anajipaka poda, anavaa viatu vya kubana, ananipita mlangoni.

"Unakwenda wapi, Mheshimiwa?"

"Kwa mwanangu. Wewe nenda kwa wako." Anacheka peke yake mpaka barabarani.

Basi sikilizeni utani wa makumbusho, maana wao walinishinda mimi. Koti la kwenye kioo halikuwa la mwanawe. Lilishonwa na fundi cherehani wa nyuma ya soko. Tundu alilitoboa kwa sigara, na damu ilikuwa rangi ya viatu, ya kahawia. Gusa-Gusa aliniambia mwenyewe garini, siku niliyolitambua koti halisi ndani ya sanduku na kiraka chake cha maua.

"La kweli lilikuwa baya mno, bibi," alisema, anakwepa mashimo ya barabara. "Chini ya taa lilionekana kama tambara la kudekia. Halafu wafadhili wanatoa hela kwa sharti moja, watoto washike vitu halisi. Sasa nani atatupa koti lake likachezewe na watoto? Huyo mama alikuwa ameshatupa."

"Na likiisha kuchakaa?"

"Kilichoingia kwenye sanduku kimeshafutwa, bibi. Kwetu hicho hakipo."

Kwa hiyo kisichokuwepo kikaendelea kufa shuleni. Gusa-Gusa alikuwa na mchezo wake. Mtoto mmoja anavaa koti, mikono inamning'inia mpaka magotini. Wenzake wanashika rula, ndio maadui. Gusa-Gusa anapiga filimbi, rula zinalia "ta-ta-ta-ta", mwenye koti anashika ubavu, anaanguka. Kisha darasa linapiga kura kuchagua aliyekufa vizuri. Wengine walikufa kwa kuruka, wengine kwa kuzunguka, mmoja alikufa akiomba maji kwa sauti ya mkuu wa shule, tukavunjika mbavu hata walimu. Watoto waliingiza kidole kwenye tundu wakakichezesha upande wa pili. "Mdudu! Mdudu katoka tumboni!"

Nilicheka pia. Kijana yule angekuwepo angecheka kuliko sisi sote. Na wifi nilimwacha na kioo chake. Alikuwa na furaha, na furaha yake ilinipunguzia matusi mezani.

Lakini moyo wake ukaanza kuchoka. Akipanda ngazi mbili anakaa. Macho nayo yakaingia ukungu, akawa anaona vivuli, ananitambua kwa mwendo wa ndara zangu. Daktari alimwambia apunguze chumvi na ugomvi. Chumvi aliacha. Jioni moja alikuwa ameegemea mlango wa chumba chake, anahema.

"Mwizi."

"Naam, Mheshimiwa."

"Nataka nimshike."

"Nani?"

"Usijifanye mjinga, ujinga unao wa kutosha. Mwanangu. Kioo kimenichosha. Nilikuwa naridhika kumwona, sasa hata kumwona simwoni, naona doa tu limesimama. Nataka nimshike mara moja, niingize pua kwenye kola. Basi. Baada ya hapo moyo huu ufanye unavyotaka."

Hakuwa ametukana kwa sentensi tatu nzima. Nikajua mambo yamefika shingoni.

Tulikwenda kwa Mkurugenzi wa makumbusho, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, ofisi yake ina feni inayozunguka bila kutoa upepo. Wifi alisimama kama mwanafunzi aliyeitwa kuchapwa.

"Mama yangu," alisema Mkurugenzi, "kitu kikishaingia kwenye kioo ni mali ya taifa. Mikono ina mafuta. Mikono inaharibu."

"Mikono hii ndiyo iliyomwogesha," alisema wifi.

"Najua, mama. Lakini nikikufungulia wewe, kesho mji mzima utataka kufunguliwa."

Tulipotoka wifi alikwenda kwenye kioo, akaweka kiganja. Mlinzi, ambaye kazi yake yote ilikuwa kusema neno moja, akalisema: "Mkono, bibi." Wifi akauondoa. Mimi nilibaki ukumbini kufunga kamba ya kiatu changu ambacho hakina kamba, nikamsikia Mkurugenzi akimwambia Gusa-Gusa mlangoni: "Akinusa tu tumekwisha. Lile mpaka leo linanuka mashine ya fundi."

Nikawaza. Yule mama anaomba kibali cha kushika koti, wakati wiki hiyo hiyo koti lenyewe liko shuleni, linashikwa na watoto wenye makamasi. Ilikuwa desturi ya sanduku kuachwa shuleni tangu Jumatatu, walimu walitumie, kisha Ijumaa tunarudi kufanya somo la mwisho na kulichukua. Hakuna kibali kinachotakiwa pale. Unakaa tu, unaambiwa guseni, guseni.

Usiku ule nikamwambia, chai ikiwa mkononi. "Mheshimiwa, lile la kwenye kioo si lake. Limeshonwa na fundi wa nyuma ya soko. Lake ninalo mimi. Nazunguka nalo mashuleni kwenye sanduku."

Akaweka kikombe chini taratibu. Kisha akacheka, kicheko kikavu.

"Safari hii umejitahidi."

"Sikutanii."

"Wewe? Wewe uliyeniambia daktari amenikataza kuongea mpaka saa sita mchana, nikakaa kimya siku mbili? Uliyenitilia chumvi kwenye sukari siku ya wageni? Uliyewaambia majirani wamwite mbwa wao jina langu, akawa anaitwa mpaka leo?"

"Yule mbwa anafanana nawe."

"Mwizi!" Alipiga meza, chai ikamwagika. "Nitanie mimi. Mtanie kaka yangu kaburini. Mtoto wangu muache."

Nikamwambia habari ya kiraka. Maua mekundu, mishono kama meno ya kizee. Akasema kiraka hicho nilikiona usiku alioshona, nilishika taa mimi mwenyewe, kwa hiyo si ushahidi. Alikuwa sahihi, na mimi nikakasirika. Ukiishi kwa kutania, siku ukija na ukweli watu wanautafuta mkia wa uongo.

"Njoo Ijumaa ushike mwenyewe," nilisema. "Pua yako itakuambia."

Alipangusa chai mezani kwa kiganja, akaisukuma huku na huko.

"Nitakuja," alisema. "Lakini nisikilize. Nikikuta umenitania, siku yangu ikifika usinisogelee. Usinioshe, usinishike, usitupe hata udongo. Utasimama mbali unitazame, kama mimi ninavyomtazama mwanangu."

"Sawa."

"Apa."

Nikaapa. Nilikuwa na uhakika. Kiraka kilikuwa pale, doa lilikuwa pale, na ile harufu mbaya ilikuwa pale, nimeibeba mwenyewe kwenye gari vioo vikiwa chini.

Ijumaa Gusa-Gusa alikunja uso kuona abiria wa ziada, nikamwambia ni dada yangu, anapenda watoto. Hakumtambua, kwake vikongwe wote ni mmoja. Njia nzima wifi alikaa ameshika mkoba mapajani. Alikuwa amevaa lile gauni la maua, lililobaki na pengo kwenye pindo. Alikuwa hajalivaa tangu alikate. Nilitaka kumtania, nikaahirisha.

Shuleni tulipokewa langoni na Mwalimu wa Usafi. Mama mmoja mwembamba, kucha fupi, sauti ya kengele. Uso unang'aa kama sufuria jipya.

"Karibuni, karibuni! Tumewaandalia jambo!" Akatushika mikono, akatuvuta hadi darasani. Sanduku lilikuwa mezani, limepanguswa, hata vishikio vimepakwa mafuta. Kofia ya chuma unaweza kujitazama. Buti limepigwa rangi, likatiwa kamba mpya.

Na koti limetundikwa kwenye hanga ubaoni. Limefuliwa. Limetiwa wanga. Limepigwa pasi, mikono ina mikunjo ya kukata mkate.

Gusa-Gusa alilisogelea, akaligusa kwa kidole kimoja.

"Klabu ya usafi," alisema Mwalimu, na watoto kama kumi wakasimama wakiwa wamevimba vifua. "Lilikuwa na hali mbaya, jamani! Hatukuweza kuwarudishia wageni kitu kichafu. Tumelifua beseni baada ya beseni, maji yanatoka meusi. Lile doa lilikuwa limeganda, lakini hatukukata tamaa. Ndimu, majivu, brashi, jua. Walipokezana, huyu akichoka anashika huyu. Litazameni sasa. Utasema limetoka kiwandani leo."

"Na tundu?" Gusa-Gusa aliuliza.

"Tumeziba! Halafu huku kwapani kulikuwa na kitambaa cha ovyo, cha maua, mtu ameshona kama amefumba macho. Tumekitupa kwenye moto wa takataka. Nimeweka kiraka cha rangi yake, huoni hata uzi."

Mimi nilikuwa nimemshika wifi kiwiko. Yeye hakuwa akiyasikiliza maneno yale hata kidogo. Alikuwa akisikiliza njia ya kufika pale mbele.

"Liko wapi?" aliniuliza polepole. "Nipeleke."

Ningeweza kumgeuza. Ningesema gari limeharibika, ningesema lolote, uongo ninao wa kugawa. Lakini niliwaza, koti ni koti. Uzito wake, vifungo vyake. Mama atajua. Nikampeleka.

Akanyoosha mikono. Akalishika bega. Akapapasa kola, vidole vikapita kwenye wanga, khrr, khrr, kama anapapasa karatasi. Akaingia chini ya kwapa la kushoto, akatafuta. Akarudi, akatafuta tena. Akashuka ubavuni, akatafuta tundu. Watoto walikuwa kimya, wanadhani ni sehemu ya somo. Mwisho akainama, akaingiza pua kwenye kola, akavuta kwa nguvu zake zote kama mtu aliyetoka majini.

Akakaa hivyo kidogo. Kisha akainua uso.

"Sabuni ya unga," alisema.

"Mheshimiwa, wamelifua. Ndilo lenyewe, walimu hawa wamelifua..."

"Umepanga na walimu pia."

"Haki ya Mungu."

"Muache Mungu, naye umeshamtania vya kutosha." Aligeuka akanitazama, yaani akatazama mahali zilipo ndara zangu. Sikutegemea nilichoona usoni mwake. Hakuwa na hasira. Alikuwa amepumua. Mwanawe alikuwa bado kwenye kioo, chini ya taa, hajashikwa na mtu. Alijipangusa macho kwa ncha ya mkoba, akapapasa kiti cha mbele, akaketi kama mgeni rasmi. "Haya, endeleeni. Nimekuja mbali, nionyesheni hicho mnachofundisha."

Gusa-Gusa, ambaye alikuwa hajaelewa lolote ila kwamba kuna mzee ametaka burudani, akapiga filimbi.

Walimvalisha koti msichana mdogo mwenye pengo la meno. Akainua mkono kwanza.

"Mwalimu, tundu halipo. Risasi itapita wapi?"

"Ipite popote," alisema Gusa-Gusa.

Rula zikalia. Msichana akashika kifua, akayumba, akazunguka mara mbili, wanga wa koti ukilia, akaanguka miguuni kwa wifi. Akafa kwa pumzi ndefu, kisha mguu mmoja ukapiga teke la mwisho. Darasa likalipuka.

Wifi alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. Aliinama, akampapasa aliyeanguka, mkono ukapita juu ya lile koti kuanzia bega mpaka pindoni, akampiga mgongoni kwa upole.

"Huyu anajua kufa," alisema. "Hebu mjukuu wangu, kufa tena."

Akafa tena. Wifi akampigia makofi. Alimpigia kura pia. Aliinua mikono yote miwili, Gusa-Gusa akaihesabu mmoja.

Mimi niliitwa kusimulia nikaenda kwenye kiti changu. Watoto walinitolea macho. Nilifungua mdomo. Sijui nilisimulia nini. Naambiwa nilisimulia miguu tu, miguu inapita, miguu inapita, hakuna iliyoota kichwa. Mtoto mmoja akapiga miayo.

Kwenye gari kurudi wifi alikaa kiti cha mbele, karibu na dereva, jambo ambalo hajawahi kufanya. Tulipofika nyumbani aliingia chumbani kwake akafunga mlango, na kabla hajafunga aliniambia neno moja tu.

"Umeapa."

Mkurugenzi, alipoletewa koti, alianza kwa kumpigia Gusa-Gusa kelele. Kisha akavaa miwani yake, akalizunguka. Akalishika mkunjo. Wafadhili walikuwa wanakuja, na koti la fundi kwenye kioo lilikuwa limeanza kupauka kwa taa, ile rangi ya viatu inabanduka. Akasema hili sasa linavutia zaidi, ni safi, limesimama, tena ni halisi. Liende kwenye kioo. La fundi liingie kwenye sanduku, watoto walimalize. Tatizo lilikuwa moja, wageni hupenda tundu. Kwa hiyo akaitwa tena yule fundi wa nyuma ya soko, akavuta sigara yake mpaka ikakolea, akatoboa. Hakuuliza la zamani lilikuwa wapi. Alitoboa upande wa moyo, akasema hapo ndipo panapopendeza. Akamalizia na rangi ya viatu. Hivyo mtoto wa wifi akapigwa risasi ya pili, na huyu wa pili alikuwa na shabaha kuliko wa kwanza.

Sikumwambia wifi. Nani angenisikiliza?

Aliniomba nimpeleke makumbusho mara moja tu baada ya hapo. Hakuomba hasa, alisimama mlangoni na poda yake, viatu vya kubana mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, akasema, "Mwizi, gari lenu linapita upande ule." Tukamshusha. Nilimshika mkono hadi kwenye chumba cha vita, akaukung'uta tulipofika mbele ya kioo.

Mwanawe alikuwa pale. Yeye mwenyewe, koti lenyewe, vifungo alivyovifunga mama yake asubuhi ile. Kati yao palikuwa na kioo chenye unene wa kidole.

Wifi akasogeza uso mpaka pumzi yake ikafanya ukungu.

"Salamu zangu nimekuletea, na za nyumba nzima," alimwambia. "Mwanangu, hujui nilikopelekwa. Nilipelekwa shuleni nikaonyeshwa koti, eti ni lako. Linanuka sabuni! Limekaza kama ubao! Nilicheka, mwanangu, mpaka nikasema nitafia huko kabla sijakuona." Akacheka tena kidogo, akakohoa, akajishika kifua. "Huyu mke wa mjomba wako hana haya. Lakini sikukasirika. Nilimwambia moyoni, mimi mwanangu namjua."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilikuwa na maneno kinywani, mengi, yote ya kweli, na yote yalikuwa na sauti yangu.

Akaweka kiganja kwenye kioo, akakiacha.

"Leo kama amenenepa," aliniambia bila kugeuka. "Au macho yangu?"

"Amenenepa, Mheshimiwa," nilisema.

"Mkono, bibi," alisema mlinzi.

Nje gari lilipiga honi. Gusa-Gusa alikuwa ameshalipakia sanduku, na kulikuwa na darasa zima likitungoja, la watoto waliotaka kufa.